Kufunga Guniamraba na Mikono Sambamba kwenye Reli ya Msumeno

Ndugu mtazamaji, karibu karakanani. Mbele yangu ipo karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 18, ile ya futi 8 kwa 4, yaani milimita 2440 kwa 1220, nami nataka kutoa humo mbavu sita za makabati ya chini ya jikoni, kila ubavu ukiwa na kimo cha milimita 720 na kina cha 560. Mbavu hizi zikipishana hata kwa milimita moja, milango ndiyo itakayokuumbua siku ya kufunga bawaba. Kwa hiyo leo tutafunga vifaa viwili vya nyongeza vya reli, yaani bapa refu ambalo msumeno wa diski huteleza juu yake: guniamraba, linaloiweka reli katika pembe mraba na ukingo wa ubao, na mikono sambamba, ambayo vikomo vyake hugusa ukingo wa ubao ili reli ikae umbali uleule kila mara. Tutavifunga kwa namna ambayo kila mkato utaurudia uliotangulia bila kushika futi tena.

Kabla ya kufunga chochote, tazama ukanda huu mweusi wa mpira ukingoni mwa reli. Ukingo wake ndio mstari wa kukata, kwa kuwa msumeno wenyewe uliupunguza katika mkato wa kwanza kabisa. Ikiwa umebadilisha diski yenye unene tofauti, au umeazima msumeno wa fundi mwenzako, ukanda huo hausemi kweli tena, hivyo bandika mpya uukate kwa msumeno utakaoutumia. Kaza pia vifundo viwili vya kitako cha msumeno mpaka msumeno uteleze bila kucheza kushoto na kulia. Kisha chomoa waya wa umeme na urekebishe kina ili diski itokeze milimita 5 hivi chini ya plaiwudi. Baadhi ya misumeno imekwisha kuhesabu unene wa reli katika namba zake na mingine haijauhesabu, kwa hiyo hakikisha kwa macho pembeni mwa ubao.

Sasa chukua guniamraba, liingize kwenye mfereji wa reli na ulikaze. Usiliamini kwa sababu tu ni jipya. Tafuta kipande cha mabaki chenye milimita 400 hivi kila upande, ukate upande mmoja, ukigeuze ili upande uliokatwa ndio uegemee gunia, ukate unaofuata, na uendelee kuzunguka kwa mwelekeo uleule mpaka pande zote nne ziishe. Mkato wa tano urudi upande wa kwanza na utoe ukanda mwembamba, ambao utaupima upana kwa kalipa, kifaa cha kupimia vipimo vidogo, ncha zote mbili. Ncha moja ikiwa milimita 10.4 na nyingine 10.0, tofauti ya 0.4 ni kosa lililojikusanya mara nne, kwa hiyo kosa halisi ni 0.1 katika urefu wa 400. Mimi hukubali kiasi hicho kwa kabati. Kikizidi, nalegeza skrubu za gunia na kuanza upya.

Gunia likishakubalika, punguza milimita 10 mwishoni mwa karatasi ili upate ukingo ulio katika pembe mraba na pande ndefu, kisha lifungue uliweke kando na ufunge mikono miwili, mmoja karibu na kila mwisho wa mkato. Mikono ikikaribiana sana, kosa dogo la kikomo kimoja huzaa mshazari mkubwa.

Mikono hii imechorwa namba, nami nakushauri uzisahau. Nimekata ubao wa kipimo wenye milimita 720 kamili. Naulaza chini ya reli, ncha moja iguse kikomo, na ncha ya pili ilingane na ukingo wa mpira. Tazama kwa karibu: napitisha ukucha kutoka kwenye mpira hadi kwenye ubao, na ukucha usipokwama popote, nakaza kikomo. Ubao huohuo, si mwingine, nauhamishia kwenye mkono wa pili.

Mafundi wengi huanza kupasua karatasi kwa urefu, jambo linalowalazimu kuunga reli mbili. Mimi naanza na mikato ya kukatisha upana, kwa sababu reli moja ya milimita 1400 inatosha kuvuka 1220. Tandika mbao mbili za inchi 2 kwa 4 kila upande wa mstari wa kukata, ili vipande vyote viwili vibaki vimelala diski inapomaliza njia. Ukishapata vipande viwili vya 720, viweke uso kwa uso, kimoja ukiwa umekigeuza kushoto kuwa kulia: kama vikomo havikulingana, pengo litaonekana mara mbili ya kosa, nawe utasogeza kikomo kimoja tu.

Vipande vitatu vikiwa tayari, tengeneza ubao mwingine wa kipimo wa milimita 560, usogeze mikono iingie ndani ya urefu wa 720, na urudie utaratibu uleule. Kila kipande kitatoa mbavu mbili, na kwa kuwa diski hula milimita 2.2 hivi kila mkato, utabaki na ukanda wa milimita 95, unaofaa kuzibia chini ya kabati. Ukitaka kukata kanda nyembamba kuliko reli yenyewe, egemeza reli kwa plaiwudi ya unene uleule, la sivyo itainama na mkato utalala.

Jambo la mwisho ni brashi. Niliwahi kuharibu mbavu nane kwa sababu vumbi lililogandamana lilijibana kwenye kikomo cha kulia tangu mkato wa kwanza, nami sikuangalia mpaka nilipoanza kuunganisha. Siku hizi napangusa vikomo na ukingo wa ubao kabla ya kila mkato, na silegezi mikono mpaka kabati lote limesimama, maana ubavu mmoja ukipasuka wakati wa kupiga skrubu, mwingine utakatwa kwa kipimo kilekile.