Waifai ya Simu: Jina Peke Yake Halitoshi

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo ni waifai kwenye simu, ya nyumbani na ya nje. Kaka Idi, tangu asubuhi una jambo moyoni. Anza wewe.

IDI: Asante, dada. Kinachonitia wasiwasi ni simu kujiunga yenyewe. Ukitumia mara moja waifai isiyo na nenosiri, tuseme hotelini, simu inalihifadhi jina lake. Siku nyingine ikikutana na jina hilo popote, inaingia bila kukuuliza.

ZUHURA: Hata kama ni mtandao mwingine kabisa?

IDI: Hata kama. Mtandao wa wazi simu inautambua kwa jina tu, na jina mtu yeyote anaweza kuipa ruta yake, kile kifaa kinachorusha waifai. Tapeli anaiga jina la mgahawa, anakaa pembeni, simu zinamfuata zenyewe.

ZUHURA: Mimi nilikuwa najipa moyo kwamba mgahawa ninaoupenda una nenosiri. Wamelibandika ukutani.

IDI: Na tapeli naye anasoma ukutani, dada. Kwenye WPA2, ulinzi wa waifai wa tangu 2004 ambao bado umeenea sana, mwenye nenosiri lile lile akinasa dakika ile simu yako inapoungana na ruta, anaweza kuyafumbua mawasiliano yako. WPA3 ya 2018 iliziba tundu hilo, lakini mpaka simu yako na ruta, zote mbili, ziwe nayo.

ZUHURA: Kwa hiyo tuache kabisa waifai ya nje?

IDI: La, sipendi kuwatisha watu. Siku hizi tovuti na programu nyingi zinafunga mawasiliano yake kwa HTTPS, yaani yanasafiri kwa maandishi ya siri. Aliye njiani anaweza kujua umetembelea tovuti gani, ila ulichoandika humo hakioni. Mimi naogopa zaidi ule ukurasa wa kuingilia unaokudai nenosiri la barua pepe ndipo upewe intaneti. Waifai inalitakia nini? Ukiuona, toka. Na kivinjari kikikuonya kwamba tovuti si salama, usilazimishe.

ZUHURA: Na mambo ya benki?

IDI: Hapo mimi nazima waifai, natumia data yangu.

ZUHURA: Sawa. Sasa nyumbani. Chumbani kwangu alama ya waifai imejaa, lakini video inakwama kila baada ya muda.

IDI: Alama ile inapima mawimbi kati ya simu na ruta tu. Kasi ya intaneti inayoingia kwenye ruta haiijui. Sogea karibu na ruta ujaribu tena. Ikikwama hata hapo, ukuta hauna kosa, mpigie anayekuuzia huduma. Ikienda vizuri, angalia masafa ya mawimbi ya ruta. Ruta nyingi zina gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 5 ina kasi, ila kuta zinaichosha mapema. Ya 2.4 inafika mbali, lakini imejaa vurugu: ruta za majirani, vifaa vya bluetooth, hata maikrowevu ikiwa inapasha chakula.

ZUHURA: Yetu iko sakafuni, nyuma ya televisheni.

IDI: Iinue, dada! Iweke juu, katikati ya nyumba, mbali na vyuma. Na lile nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta, lililokuja nayo kutoka dukani, mlilibadilisha?

ZUHURA: Hilo la mipangilio, hapana. Tulibadilisha la waifai tu.

IDI: Libadilishe leo. Mengi ya kiwandani yanajulikana, na anayeingia humo ndiye mwenye ruta. Wageni wafungulie mtandao wao, ruta nyingi zinaruhusu.

ZUHURA: Wakati unaongea nimefungua orodha ya mitandao iliyohifadhiwa simuni. Kaka, nateremka tu, haiishi. Kuna hoteli niliyolala usiku mmoja.

IDI: Iguse, kisha chagua kuisahau.

ZUHURA: Imetoka. Hii nyingine hata siikumbuki.

IDI: Hiyo nayo. Endelea kufuta, mimi nasoma maswali ya wasikilizaji.