Nani anaamka na bibi saa tisa usiku?

Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine habari zenu, asanteni kwa kuja. Leo tunaongea uzee, na najua mtu akisikia uzee anawaza mvi na pensheni, ila mimi nataka niwapeleke chumbani, saa tisa usiku, bibi ameamka anatafuta viatu anasema anachelewa shule, na kuna mtu inabidi aamke amshike mkono taratibu amrudishe kitandani. Huyo mtu ndo mada yangu.

Namba kidogo kwanza. Mwaka 2020 watu wa miaka 60 kwenda juu duniani walishawazidi watoto wa chini ya miaka 5. Shirika la Afya Duniani linasema ikifika 2030 kila watu 6 mmoja atakuwa na 60 au zaidi. Japani sasa hivi karibu watu 3 kati ya 10 wamevuka 65. Na msije mkadhani hii ni ishu ya nchi tajiri tu, maana ikifika 2050 wazee 8 kati ya 10 watakuwa kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Mimi kinachonitisha ni spidi. Ufaransa ilichukua zaidi ya miaka 100 wenye 65 na kuendelea kutoka asilimia 7 mpaka 14 ya watu wote, Japani ikatumia miaka 24 tu, 1970 mpaka 1994, sasa hawa wanaokuja nyuma ndo hawana kabisa ule muda wa kujipanga pole pole.

Sababu zenyewe kwa kweli ni habari njema, watoto hawafi ovyo kama zamani, watu wanaishi sana, na uzazi umepungua (Korea Kusini mwaka 2023 wastani ulikuwa 0.72, yaani hata mtoto mmoja kwa mwanamke haufiki).

Haya, tuje hospitali. Hospitali nyingi zimepangwa kwa mgonjwa wa namna moja: unaumwa, unakuja, unatibiwa, unapona, unaondoka. Kidole tumbo, nimonia, mkono umevunjika. Mzee haji hivyo jamani! Mzee anakuja na presha, sukari, magoti, mtoto wa jicho, na kusahau kumeanza, vyote kwa pamoja, afu anapelekwa kwa daktari wa moyo anapewa vidonge vitatu, kwa wa sukari viwili, kwa wa mifupa kimoja, na kingine cha usingizi, na hakuna hata mmoja aliyekaa chini akavimwaga vyote mezani akauliza hivi vinaelewana? Matokeo yake mzee anasimama asubuhi aende chooni, presha inashuka ghafla, kizunguzungu, anaanguka, nyonga inavunjika. Analazwa. Kitandani misuli inaisha haraka sana, na wodini taa, kelele, sura ngeni, akili inachanganyikiwa, mtu aliyeingia anawajua wajukuu zake wote anatoka hajui yuko wapi. Halafu familia inaambiwa ni uzee tu. Sio uzee tu! Mara nyingi mlolongo wote ulianzia kwenye kidonge, ndo maana daktari wa wazee aliyebobea kazi yake kubwa sio kuongeza dawa, ni kupunguza, na kuuliza vitu ambavyo wengine hawaulizi, unaogaje, unakula na nani, choo kiko mbali kiasi gani.

Masoko yenyewe yameshashtuka mapema kuliko serikali nyingi. Kampuni ya Oji Holdings ya Japani mwaka 2024 ilitangaza inaacha kutengeneza nepi za watoto kwa soko la kwao, nguvu inahamia kwenye nepi za watu wazima. Nawaomba hiyo msiipite haraka. Na kuna vitu vingi vya hivyo, simu zenye maandishi makubwa, vyombo vinavyofunguka bila nguvu, mabafu yenye vishikio. Ila uvumilivu wa saa tisa usiku huwezi kuuweka kwenye boksi ukauza. Kwa hiyo nchi zenye hela zinaajiri walezi kutoka nje, wengi wanawake, wanaomuacha mama yao amezeeka huko kwao ili wakamlee mama wa mtu mwingine, na huyo aliyeachwa naye anabaki na nani?

Pensheni sitakaa sana. Ujerumani ilipoanzisha ya kwake mwaka 1889 umri wa kuipata ulikuwa miaka 70, na wengi hawakufika. Leo wengi wanafika na kupita, hesabu lazima ibadilike, wataalamu wa hesabu wapo.

Lakini kuna hesabu haifanywi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria gharama ya dimenshia, huu ugonjwa wa kusahau, kwa mwaka 2019 ni dola trilioni 1.3, na karibu nusu yake ni kazi ya ndugu na marafiki wanaolea bila malipo, wastani masaa matano kwa siku, na asilimia 70 ya masaa hayo ni ya wanawake. Binti anaacha kazi, anapoteza mshahara leo, anapoteza pensheni yake kesho, na sisi tunamwambia Mungu atakulipa. Atamlipa, ndio, ila na sisi tumlipe.

Inawezekana. Ujerumani mwaka 1995 ilianzisha bima ya ulezi, familia inaweza kuchagua kupewa hela taslimu, na ndugu anayelea kwa masaa yanayotosha anachangiwa pensheni. Japani walipoanza ya kwao mwaka 2000, kila mtu kuanzia miaka 40 anachangia, walikataa kutoa hela, wanatoa huduma tu, mlezi anakuja, mzee anachukuliwa mchana anarudishwa jioni. Kulikuwa na wanawake waliopinga hela kwa kuogopa kwamba ukimpa mkwe hela kidogo ndo umemfungia ndani moja kwa moja. Mimi naielewa hofu hiyo vizuri sana, ila bado nachagua vyote viwili, huduma mchana ili binti aende kazini, na mchango wa pensheni kwa zile saa za usiku, maana saa tisa usiku mtu wa huduma ameshaenda kwake kulala.