Lile bomba la chini: mtaa na shule yake iliyofungwa

Haya, maiki inasikika huko nyuma? Mama pale kanionyesha dole, basi twende.

Nianze na bomba la maji. Miaka kadhaa imepita sasa, nilirudi kwenye shule ya msingi niliyosoma, wala sikuwa na shughuli ya maana, nilikuwa napita tu nikaona geti halijabanwa vizuri, cheni imelegea, mtu mzima akijibana ubavu anapita. Nikapita. Shule ilishafungwa siku nyingi. Madirisha yamepigiliwa mbao, majani yametoka kwenye nyufa za uwanja, nikasema ah, jengo likiachwa si ndo huwa hivi, yaani nawaambia ukweli sikusikia chochote moyoni. Alafu nikafika pale tulipokuwa tunakunywa maji. Sinki refu la zege, mabomba manne, kutu tupu. Kwa mazoea tu nikainama kama nataka kunywa, nikainama, nikainama tena, mpaka goti moja likagusa chini, ndo mdomo ukafika usawa wa bomba. Mimi kichwani mwangu lile bomba lilikuwa juu! Tulikuwa tunasimama kwa ncha za vidole, mwenzio anakushika shati usije ukateleza. Kumbe fundi alipima kimo cha mtoto wa miaka sita akaliweka pale, na halijawahi kuhama, niliyehama ni mimi. Hapo nikakaa kwenye ukingo wa sinki nikalia. Kidogo tu, msije mkanitangaza.

Nimeombwa nizungumzie kumbukumbu za mtaa wa pembezoni mwa mji na shule yake iliyofungwa. Mtaa wetu sitautaja, nikiutaja tu humu ndani wataanza watu kubishana mti ulikuwa kona ipi, na kila mmoja ana wake anaoujua.

Ukiniuliza darasa la tatu tulisoma nini, sina jibu. Ukiniuliza mwalimu wa hesabu alivaa nini, labda viatu. Lakini njia ya kwenda shule naijua yote mpaka leo, naweza kuitembea nimefumba macho. Unatoka mlangoni unakata kushoto, nyumba ya pili ina mbwa ambae hajawahi kumng'ata mtu hata siku moja ila tulikuwa tunapita mbio, alafu kichochoro katikati ya fensi mbili, humo kuna ubao mmoja umelegea, ukiusukuma kidogo unachungulia bustani ya watu, ukitoka hapo kuna mti, na ukifika kwenye mti ndo unasikia kengele ya kwanza, sasa hapo ndo unaamua kama leo ni kukimbia au bado una dakika za kupiga stori. Shule yenyewe nimesahau mengi. Njia hapana.

Na hii njia, mi nimekuja kujua ukubwani kabisa, haikutokea hivi hivi. Kuna mtu alikaa akaifikiria. Marekani kulikuwa na jamaa anaitwa Clarence Perry, mwaka 1929 akatoa hoja kwamba mtaa upimwe kwa shule yake ya msingi. Yaani usiulize ploti ni ngapi, uliza watu wangapi wanatosha kujaza shule moja, yeye akawaza kama watu elfu 5 mpaka elfu 9, shule uiweke katikati, barabara kubwa zizunguke nje zisipite kati, mtoto asitembee zaidi ya robo maili hivi, kama mita 400, na asivuke barabara ya magari makubwa. Mwaka huo huo pale Radburn, New Jersey, wasanifu Clarence Stein na Henry Wright wakaanza kujenga mtaa ambao njia za miguu zina zake na magari yana yake, mpaka kuna sehemu watoto wanapita chini ya barabara. Mitaa mingi sana duniani iliyopangwa baada ya hapo imebeba kitu cha mawazo haya, hata kama aliyechora ramani hajawahi kumsikia Perry. Kwa hiyo ukikumbuka kichochoro chako, ujue unakumbuka penseli ya mtu.

Sasa tukae kidogo kwenye hesabu, maana hapa ndo penye kidonda na watu wengi wanaparuka.

Mtaa wa aina hii unajengwa kwa mpigo mmoja. Nyumba zinaisha pamoja, zinauzwa pamoja, na wanaozinunua ni watu wa rika moja, wana mtoto mmoja mkononi na mwingine njiani. Mfano unaojulikana sana ni Levittown kule Long Island, New York, kati ya 1947 na 1951 ziliporomoshwa nyumba zaidi ya 17,000 kwenye yaliyokuwa mashamba ya viazi, wengi wa waliohamia ni wanajeshi waliotoka vitani na wake zao vijana. Marekani nzima ilikuwa inazaa, kuanzia 1954 mpaka 1964 kila mwaka walizaliwa watoto zaidi ya milioni 4. Shule zikafurika, zikajengwa nyingine haraka haraka. Alafu? Wale watoto wakakua. Wanafunzi wa shule za umma walikuwa kama milioni 46 mwaka 1971, kufika 1984 wameshuka mpaka kama milioni 39. Hao milioni 7 hawakufa wala hawakutoroka shule, hawakuzaliwa tu wengine wa kukaa nafasi zao.

Tuchukue mfano wa kichwani, nyumba 600, kila nyumba ina mtoto mmoja wa shule ya msingi. Watoto 600, madarasa sita, kila darasa 100, unagawa mikondo, shule inanguruma. Miaka ishirini baadae nyumba ni zile zile 600, hakuna iliyobomoka, taa zinawaka jioni, maua yanamwagiwa, lakini mwenye mtoto ni mmoja kati ya sita. Watoto 100. Kila darasa 16, 17. Na walimu huwezi kupunguza chini ya sita kwasababu madarasa ni sita, na paa linalovuja ni lile lile lililokuwa linafunika watoto 600, linataka bati zile zile. Wazazi wao wahame waende wapi? Nyumba wameshamaliza kuilipia, majirani wanawajua, daktari yuko karibu. Na vijana wenye watoto wadogo wanaotafuta nyumba, ile nyumba ikija kupatikana bei imeshapanda, hawaiwezi. Kwa hiyo mtaa unazeeka kwa pamoja kama ulivyozaliwa kwa pamoja, na wa kwanza kuumia ni ile shule, ambayo ilishonwa kama nguo kwa kipimo cha mwaka mmoja tu wa mtaa.

Japani wameliona hili mpaka basi. Kuna mji wa pembezoni mwa Tokyo unaitwa Tama, watu wa kwanza walihamia 1971, ukagawanywa kwenye vitongoji, kila kitongoji shule mbili za msingi na moja ya sekondari ya chini, Perry angepiga makofi. Baadae kadhaa zikafungwa. Nchi nzima, kati ya 2002 na 2020 zilifungwa shule zaidi ya 8,000. Huko milimani kuna kijiji kinaitwa Nagoro, sio mtaa wa pembezoni mwa mji ila acha niseme, shule ilifungwa 2012 wanafunzi wawili wa mwisho walipomaliza, na sasa darasani wamekaa midoli yenye ukubwa wa watu iliyoshonwa na mama mmoja mkazi wa pale. Watalii wanaenda kupiga picha. Mi nikiangalia zile picha naangaliaga miguu ya midoli chini ya meza, sijui kwanini.

Kwetu tuliitwa mkutano. Mtu akaja na projekta, mstari unashuka kutoka kushoto kwenda kulia, kila mwaka nukta moja, na akawa mpole kweli, hakutukana mtu. Mzazi mmoja akasimama akauliza je wakiongezeka tena? Akajibiwa kwa upole, nukta nyingine. Takwimu zilikuwa sahihi, na hilo ndo lililotuuma zaidi, maana huna wa kumkasirikia. Ila sio kila mahali takwimu ni safi hivyo. Chicago mwaka 2013 walipitisha kufunga karibu shule 50 kwa mpigo, na hoja ilikuwa vyumba vitupu, wazazi wakalalamika kwamba chumba mnachokiita kitupu ndo wanapofundishiwa watoto wanaohitaji uangalizi maalum. Wanafunzi walioguswa, wengi wao mno walikuwa weusi. Mtafiti Eve Ewing, ambae mwenyewe alifundisha kwenye moja ya zile shule, alisema watu wanaomboleza shule kama wanavyoomboleza mtu. Wapo wanaocheka wakisikia hivyo. Mi sikuweza kucheka, nilishakaa kwenye lile sinki.

Kitu ambacho hakikuwepo kwenye ule mstari wa projekta ni geti. Getini saa ya kutoka ndo watu wazima walikuwa wanajuana, nani kajifungua, nani anauza friji, mzee fulani hajaonekana siku mbili hebu mtu akamgongee. Shule ilipofungwa watoto wachache waliobaki wakawa wanachukuliwa na basi dogo, moja linaenda huku lingine kule. Kichochoro hakina mpitaji. Mwaka mmoja tu majani yakaziba, na ule ubao mtu akaupigilia misumari.

Kuhusu kumbukumbu yenyewe. Kwanini nilitembea uwanja mzima sikusikia kitu, bomba likanimaliza? Mwaka 1975 watafiti wawili, Godden na Baddeley, walichukua wapiga mbizi wakawapa orodha za maneno wayakariri, nyingine nchi kavu, nyingine chini ya maji. Yale waliyokariri chini ya maji waliyakumbuka vizuri zaidi wakiwa chini ya maji, ya nchi kavu nchi kavu. Kumbukumbu imefungwa na mahali ilipoingilia. Nami naongezea, hilo langu mwenyewe sio lao, imefungwa na mwili pia, na ule mkao. Kusimama uwanjani kama mtu mzima ilikuwa haitoshi, ilibidi goti liguse chini.

Kwa hiyo mnaotaka kukusanya kumbukumbu za shule zenu, naomba sana msiwaulize watu "mnakumbuka nini". Mtapata walimu walikuwa wakali na maisha yalikuwa mazuri. Basi. Wapeni karatasi wachore njia ya kutoka nyumbani mpaka darasani. Mtaalamu wa mipango miji Kevin Lynch alifanya hivyo na wakazi wa Boston, Jersey City na Los Angeles, matokeo akayatoa 1960, na kwa watu wengi mji ulikuwa umekaa kichwani kama njia kwanza, majengo yananing'inia pembeni. Ukichora unafika mahali mkono unasimama. Pale mkono uliposimama ndo penye stori.

Na msichukue ramani ya mtu mmoja mkaifanya ya mtaa. Ile Levittown wazee wanayoikumbuka kwa machozi, mikataba ya mwanzo iliandika wazi kwamba nyumba hazikaliwi na mtu asiye mzungu. Sasa hapo kumbukumbu tamu ni ya nani?

Kwetu pia. Nilipoanza kukusanya ramani za watu tuliosoma pamoja, mwenzetu mmoja akaleta yake. Njia yake inafanana na yangu, mbwa yupo, mti upo, kafika getini vizuri. Alafu pale uwanjani mstari unapinda, unazunguka nyuma ya jengo lote, unatokea upande wa pili ndo unaingia darasani. Nikamwambia umekosea, mbona mlango ulikuwa hapa mbele. Akasema hajakosea. Kupita mbele ilibidi apite kwenye mabomba, na kwenye mabomba walikuwepo wa kumsukuma, kila siku, na maji alikuwa anakunywa kabla hajatoka nyumbani. Hakusema ni nani. Mi sikuuliza, ila ramani zote mbili nimezibandika pale ukutani, yake ni ile yenye wino wa bluu.

Karatasi ziko mezani kwenye mlango, penseli nazo zipo ila chache, mpeane.