Mtia Sauti: Kazi Iliyo Baina ya Mshairi na Mwimbaji

Assalaam aleikum. Nawashukuru walimu walionialika, na nyinyi wanafunzi mliojaa mpaka barazani.

Watu wakitaka habari za taarab humwendea mwimbaji. Wakimkosa humwendea mshairi, kwa kuwa yeye ana maneno ya kunukuliwa. Mimi leo nataka kusema habari za yule aliye baina yao, mtu anayepokea karatasi yenye shairi na kuirudisha ikiwa wimbo. Mtia sauti. Ndiyo kazi niliyoifanya zaidi maishani, zaidi hata ya kupiga udi, na naamini hapo ndipo wimbo wa taarab unapopona au kuharibika.

Shairi likinifikia, udi siugusi. Nalisoma kwa mdomo, kwa sauti ya mazungumzo, nikitembea, nikiosha vyombo, mpaka nijue kila neno linataka kukaa wapi. Nimetunga ubeti mmoja kwa ajili ya leo, tuufanyie kazi pamoja:

Bahari imetulia, upepo haujavuma
Jahazi naangalia, tanga bado kusimama
Mwenzangu namlilia, mbona leo amekwama?

Mizani ni ile mliyoizoea, nane kwa nane, mishororo mitatu. Mtu akiutazama ataona ni mwepisi. Haya, tazameni "haujavuma". Mkazo uko kwenye "vu". Mwanafunzi anayetaka kumaliza mshororo kwa madaha huipandisha silabi ya mwisho, "ma", akaishikilia kule juu. Msikilizaji hatakwambia kosa liko wapi, lakini sikio lake limekataa, maana hakuna Mswahili anayelitamka neno hilo hivyo. Panda kwenye "vu", kisha "ma" iteremke taratibu, na mapambo yote uliyonayo yaweke katika kuteremka huko.

Tukifika "namlilia" mambo yanakuwa mazito. Ile "m" ni silabi kamili na ina haki yake. Lakini hutamkwa mdomo umefungwa, haivutiki kama "a" wala "i", kwa hiyo wengi huimeza. Ukiimeza unabaki na "nalilia", na mwenzangu ninayemlilia ametolewa ndani ya wimbo. Shairi zima limeandikwa kwa ajili yake! Mimi huipa "m" noti fupi ya chini, kabla tu ya pigo la dumbaki, ili "li" inayofuata ipate pa kupandia.

(Anaimba mshororo wa tatu mara mbili, mara ya kwanza akiimeza "m".)

Mmesikia? Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Nusu ya ufundi wa kutia sauti ni heshima kwa matamshi.

Baada ya hapo ndipo nachagua maqamu, yaani mpangilio wa noti unaoupa wimbo hali yake. Ubeti huu ni wa mtu anayengoja, na bado hajajua kama amekasirika au anaogopa. Maqamu ya Saba ingetutoa machozi sote, na hapa hakuna msiba. Hijazi ingeupamba kupita kiasi. Ningeuweka Bayati, maana Bayati huanzia chini, karibu na sauti ya mtu anayesema peke yake, na daraja yake ya pili, yaani noti ya pili kutoka chini, hukaa baina ya noti mbili za kinanda, haiko huku wala kule, kama moyo wa huyo anayengoja. Swali la "mbona" ningelipeleka juu, halafu nikanyamaza. Fidla zijibu.

Daraja hiyo ya pili haimo katika akodiani wala katika kinanda cha kawaida. Udi hauna vizuizi shingoni, fidla vilevile, na ganuni ina vijibao vidogo vya kupandisha na kushusha nyuzi. Akodiani ilipoingia katika vikundi vyetu, mtia sauti alikuwa na njia mbili: ainyamazishe pale isipofaa, au atunge kwa Nahawandi na maqamu nyingine zinazokubaliana na vitufe vyake. Vinanda vya umeme vilipotawala taarab ya kisasa katika miaka ya 1990, njia ya pili ikawa ndiyo barabara kuu. Ziko nyimbo za Nahawandi ninazozipenda kwa dhati na siwezi kuzisema vibaya. Linaloniuma ni kijana anayekulia kwenye kinanda peke yake, akatunga maisha yake yote bila kujua kuna noti alizonyimwa. Nyinyi mnaosoma hapa, shikeni udi au fidla hata kama si ala yenu. Sikio lenu litapata mafunzo ambayo kitufe hakiwezi kuyatoa.

Ala hutubana, na muda nao hutubana. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, mzaliwa wa Fumba aliyeanza kwa kuuza vyungu, alipokwenda Bombay na wenzake kurekodi mwaka 1928, upande mmoja wa sahani ya santuri ulichukua kama dakika tatu. Wimbo uliozoea kunyooshwa ukumbini, watu wakitunza na kuomba ubeti urudiwe, ukalazimika kuingia humo. Zisikilizeni sahani hizo kwa sikio la fundi. Utangulizi mfupi, sauti inaingia mapema, na neno halipotei hata chini ya mikwaruzo yote ile. Siti aliimba habari za mji, kesi na dhuluma walizotendewa wanyonge. Habari haiwezi kufika kama neno limemezwa.

Kisha yuko mwimbaji. Bi Kidude alizipata nyimbo za Siti kwa kuzisikiliza, akaziimba kwa sauti yake nzito, na kwa nguvu ya mtu aliyekulia pia katika ngoma za unyago. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, akiwa bibi mzee. Sauti ya wimbo ikipita katika kifua kama kile haibaki ilivyokuwa, wala haifai ibaki. Kwa hiyo nikitia sauti naacha nafasi: mahali pa kuvuta pumzi, mahali pa kukawia. Wimbo uliojazwa kila pembe humgeuza mwimbaji mtumwa wa noti zangu.

Mazoezini hali ni hiyo hiyo. Siandiki noti. Naimba kipande, fidla zinakishika kwa kusikia, tunakwenda kingine. Mara nyingi majibu ya vyombo niliyokuja nayo huachwa, kwa sababu mpiga fidla kabuni bora zaidi pale pale. Vikundi kama Ikhwani Safaa cha Zanzibar, kilichokuwapo tangu 1905, vimeishi hivyo, nyimbo zikipikwa na watu wengi katika chumba kimoja.

Ndiyo maana nina ombi moja. Wimbo ukishatoka, redioni hutajwa mwimbaji tu. Mshairi akifa, karatasi yake hupotea. Mtia sauti akifa, hata karatasi hana. Katika daftari langu kila wimbo una majina juu ya ukurasa: aliyetunga maneno, aliyetia sauti, aliyeimba mara ya kwanza, na mpiga ala aliyeongeza kitu. Anzeni madaftari yenu sasa, na mkiwa na wazee wenu waulizeni majina hayo nao wangali wanayakumbuka.

Aliye na shairi mfukoni alilete mbele, tulitie sauti.