Viwanda Vinatafuta Mafundi Ambao Havikuwafunza

Ndugu zangu watazamaji, karibuni tena. Wengi wenu mmeniuliza inakuwaje viwanda vya huku ughaibuni vilalamike kwamba havipati wafanyakazi, ilhali wanaotafuta kazi wamejaa tele. Nimefanya kazi katika karakana ya kukereza vyuma kwa miaka kadhaa, na jibu langu huenda lisiwapendeze waajiri.

Fundi mmoja mkongwe hapa kazini, hata akiwa ameipa mashine mgongo, husikia kwamba kisu cha kukatia kimeanza kuwa butu, kwa kuwa mlio hubadilika kabla jicho halijaona mikwaruzo. Huizima mashine, akabadilisha kisu, kisha akapima kipande kwa maikromita, yaani kifaa cha kupimia unene kwa usahihi mkubwa, akikizungusha kishikio kwa ncha za vidole mpaka kilie mara tatu, maana akikaza kwa nguvu kipimo kitamdanganya. Kosa la sehemu moja ya mia ya milimita, dogo kuliko unene wa unywele, laweza kutosha kukifanya kipande hicho kitupwe. Mashine zinazoongozwa na kompyuta hazijaondoa haja ya sikio hilo. Zimeongeza tu kasi ya kuharibu chuma pale msimamizi wake asipojua anachokifanya.

Ustadi wa namna hiyo haupatikani kwa tangazo. Nchini Ujerumani, mwanagenzi hugawa muda wake kati ya kiwanda na chuo cha ufundi, kwa kawaida miaka 2 hadi 3 na nusu, huku kiwanda kikimlipa. Kwingineko viwanda vingi viliufuta uanagenzi ili kubana matumizi, mafundi wakastaafu, na sasa vinadai uzoefu wa miaka 5 kwa ujira wa anayeanza.

Na ari je? Mwaka 1913 kampuni ya Ford, Marekani, iliajiri zaidi ya watu 50,000 ili kubaki na takribani 14,000, kwa jinsi walivyokuwa wakiondoka. Januari 1914 ikatangaza malipo ya dola 5 kwa siku na kupunguza saa za kazi kutoka 9 hadi 8, na waombaji wakafurika langoni. (Malipo hayo yaliambatana na wakaguzi waliochunguza hata maisha ya nyumbani ya mfanyakazi, jambo nisilolisifu.)

Kijana aliyeanza kazi pamoja nami aliacha baada ya miezi 4, na msimamizi wetu akasema ni mvivu. Miezi hiyo yote alikuwa akipakia na kupakua vipande, na hakuna aliyewahi kumpa maikromita aishike.