Kabla ya kuilaumu ligasi, kagueni ncha

Ndugu zangu, kazi ya kuunga DNA ikigoma, lawama huanzia kwa ligasi, kimeng'enya kinachounganisha ncha za DNA. Mara nyingi hakina kosa. Ncha ndizo hazikuwa tayari.

Ligasi ya T4, yenye asili ya kirusi kinachoshambulia bakteria, inataka ikute fosfeti kwenye ncha ya 5′ na haidroksili kwenye ncha ya 3′, bega kwa bega. Kwanza huivunja ATP, molekuli ya nishati, na kubaki na sehemu yake, AMP, kwenye laisini yake, mojawapo ya asidi amino zake. Kisha huihamishia AMP hiyo kwenye fosfeti. Hapo haidroksili ya jirani huivamia fosfeti, AMP hubanduka, uzi unakuwa mmoja. Bila magnesi, hakuna kinachotokea.

Sasa twende mezani. Mrija wa mikrolita 20: bafa ya mara kumi (mchanganyiko wenye magnesi na ATP, uliokolezwa mara kumi) mikrolita 2, plasmidi (duara la DNA lililokatwa) nanogramu 50, kipande cha DNA cha kupachika humo, maji, na ligasi mikrolita 1 mwishoni. Hesabuni molekuli, si uzito: vipande vitatu kwa plasmidi moja. Plasmidi ikiwa na jozi za besi (herufi za DNA) 3000 na kipande jozi 1000, kipande nacho kitakuwa nanogramu 50.

Kwa nini nyuzi joto 16, usiku kucha? Mikia ya besi nne, iliyobaki kwenye ncha baada ya kukatwa, hushikana kidogo tu kisha huachiana. Joto likipanda huachiana upesi mno. Likishuka sana, ligasi yenyewe inazubaa. Nyuzi 16 ni mapatano kati ya hao wawili.

Kipande cha PCR (DNA iliyonakiliwa mara nyingi kwenye mrija) kilichotoka kwa praima za kawaida, yaani vipande vifupi vya kuanzishia nakala, hakina fosfeti ya 5′, kisipokatwa baadaye kwa kimeng'enya cha kukatia DNA. Mkikiunga na plasmidi mliyoiondolea fosfeti, fosfeti itatoka wapi? EDTA nayo, kemikali inayonasa metali, ikija na DNA, huinyakua magnesi. ATP huharibika bafa ikigandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara, kwa hiyo igaweni kwenye mirija midogo siku ileile ya kuifungua. Mkiona chembe nyeupe chini ya mrija, hiyo ni DTT, kemikali ya bafa inayoilinda ligasi: ushikeni kiganjani, tikiseni mpaka ziyeyuke zote.

Tena pandikizeni kwenye bakteria mirija miwili ya kulinganishia. Plasmidi iliyokatwa bila ligasi ikiota makoloni (vikundi vya bakteria kwenye sahani) mengi, haikukatika vizuri. Yenye ligasi bila kipande ikiota kuliko ile ya kwanza, plasmidi inajifunga yenyewe.