Amri Inayofia Njiani: Mhadhara kuhusu Draiva za Hifadhi na Kasi ya Diski za SSD

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kunialika tena, ingawa wale mliowahi kunisikiliza mnajua nitakachosema, na pengine mmekuja kuhakikisha kama bado ninakisema. Bado ninakisema. Diski ya SSD, yaani ile inayohifadhi data kwenye chipu za flashi badala ya sahani za sumaku, inapoanza kusuasua baada ya miezi kadhaa ya kazi, wengi huilaumu diski yenyewe na wengine huulaumu mfumo endeshi, lakini ni wachache mno wanaouliza habari za draiva ya hifadhi, programu ndogo ya kuwasiliana na diski, iliyokaa katikati ya hao wawili. Nitazungumzia hilo, na naomba radhi mapema iwapo muda utaniishia kabla sijayafikia mengine yaliyotangazwa kwenye ratiba.

Sitaeleza upya jinsi kumbukumbu ya flashi inavyofanya kazi. Kumbukeni kanuni moja tu: diski huandika kwa kurasa, ambazo kwa kawaida ni za kilobaiti 4 hadi 16, lakini hufuta kwa bloku nzima yenye kurasa nyingi, na ukurasa ukishaandikwa hauandikiki tena mpaka bloku yake yote ifutwe. Kidhibiti, yaani chipu inayoiendesha diski, kinapohitaji nafasi, hulazimika kwanza kuzihamisha kurasa zenye data inayotumika, ndipo kiifute bloku. Sasa mtu anapofuta faili, mfumo wa mafaili hurekebisha orodha zake na kuendelea na shughuli nyingine. Diski isipoambiwa kwamba faili hilo limekwisha, itaendelea kuyahamisha mabaki yake kutoka bloku hadi bloku kwa uaminifu usio na tija yoyote, huku ikijichakaza na kumchelewesha anayesubiri kuandika.

Amri ya kuiambia diski ipo. Diski na kompyuta huzungumza kwa lugha kadhaa: katika SATA amri hiyo inaitwa TRIM, katika SCSI inaitwa UNMAP, na katika NVMe ni Deallocate. Nia ni moja, ila sura ni tatu, na hapo ndipo draiva inapokuwa mkalimani: hupokea ombi kutoka juu kwa sura moja na kulifikisha chini kwa sura nyingine. Mkalimani asipoijua amri hiyo, hapigi kelele wala haandiki kosa lolote kwenye kumbukumbu za mfumo. Ananyamaza, na kazi inaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Niliwahi kuitwa mahali ambapo kompyuta zilikuwa zimebadilishiwa diski, na diski mpya nazo zikaanza kuchoka vilevile. Fundi aliyezihudumia, mtu makini kabisa, alinifungulia dirisha la amri, akaandika fsutil behavior query DisableDeleteNotify, na jibu likaja kuwa sifuri. Akanitazama kwa ushindi. Mnajua maana ya sifuri hiyo: swali linauliza kama taarifa za kufuta zimezimwa, kwa hiyo sifuri humaanisha kwamba hazijazimwa. Nani aliyefikiri ni busara kuuliza kwa njia hiyo, sijui, lakini fundi alikuwa ameisoma sawasawa. Tatizo ni kwamba jibu hilo huonyesha tu kwamba Windows iko tayari kutuma taarifa. Halisemi chochote kuhusu kama taarifa hizo zinafika. Tulipoingia kwenye mipangilio ya ubao mama, tukakuta kidhibiti cha hifadhi cha ubao huo kimewekwa katika hali ya RAID, yaani ya kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi pamoja, ingawa kila kompyuta ilikuwa na diski moja tu, na draiva iliyokuwa ikikiendesha ni ileile iliyowekwa siku kompyuta zilipotolewa kwenye maboksi. Haikuwahi kuguswa. Mfumo endeshi ulikuwa ukituma, diski ilikuwa tayari kupokea, na kati yao kila amri ilikuwa ikifia njiani. Draiva iliposasishwa na nafasi yote iliyo wazi ikatangazwa upya kwa diski, kasi ya kuandika ilirudi bila kununuliwa kifaa chochote. Diski za kwanza, zile zilizong'olewa kwa kuonekana mbovu, zilikuwa nzima.

Msidhani ninazungumzia ajali ya mahali pamoja, kwa maana historia nzima ya jambo hili ni ya tabaka moja kuwa tayari huku jingine likiburuta miguu. Windows 7 ilitoka mwaka 2009 ikiwa inaijua TRIM. Draiva ya hifadhi ya Intel ilianza kuipitisha mwaka 2010, katika toleo la 9.6, na hata hapo ni kwa diski ambazo hazikuwa ndani ya mpangilio wa RAID. Waliokuwa wameunganisha diski zao kwa RAID 0 walisubiri hadi mwaka 2012. Linux ilipata msingi wa amri hii katika kerneli, yaani kiini cha mfumo, ya 2.6.28 mwishoni mwa 2008, lakini diski za ATA zilianza kuletewa TRIM yenyewe katika 2.6.33, mwaka 2010. Kwenye kompyuta za Apple, mwenye diski ya kampuni nyingine alisubiri hadi toleo la 10.10.4 la mfumo wa OS X la mwaka 2015 ndipo akaruhusiwa rasmi kuiwasha.

Najua kuna mtu ananisubiri kwa hoja kwamba diski za kisasa hukusanya takataka zenyewe, hivyo haya yote ni mambo ya zamani. Ndugu yangu, zinakusanya, lakini haziwezi kukusanya zisichokijua kuwa ni takataka. Kwa kidhibiti, ukurasa hufa kwa njia mbili tu: ama anwani yake iandikwe upya, ama kiambiwe kwamba haihitajiki tena. Mengine yote kwake ni mali ya mtu. Diski yenye chipu za gibibaiti 256 inayouzwa kama ya gigabaiti 256 hubakiwa na ziada ya takriban asilimia 7 ya kufanyia kazi zake, na diski ikishajaa machoni pa kidhibiti, hicho ndicho kiwanja chote kilichobaki, hata kama mwenye kompyuta anaona nusu ya diski iko wazi.

Mwingine atasema TRIM ni hatari, na atataja kisa cha mwaka 2015 ambapo data iliharibika kwenye seva za Linux na diski zikalaumiwa hadharani. Anayekitaja kisa hicho kwa kawaida amekisoma nusu. Uchunguzi ulipokamilika, kosa lilipatikana ndani ya kerneli, katika namna maombi ya kufuta yalivyogawanywa yakielekezwa kwenye mpangilio wa RAID, na likarekebishwa. Ni kweli pia kwamba TRIM ya foleni, yaani inayopangwa pamoja na amri nyingine bila kuzisimamisha, iliyoletwa na SATA 3.1, ilizishinda baadhi ya diski, na kerneli ina orodha ya diski ambazo haitumiwi kwazo. Lakini oneni: orodha hiyo imo ndani ya draiva. Aliyeacha kusasisha draiva kwa kuogopa TRIM ndiye aliyebaki bila kinga.

Basi mtu ahakikisheje? Kwenye Linux, lsblk --discard huonyesha safu za DISC-GRAN na DISC-MAX. Zikiwa na sifuri kwa diski yako, hakuna kinachopita, na hakuna haja ya kubishana zaidi. Zikiwa na namba, endelea hadi kwenye ushahidi wenyewe. Kwa diski ya SATA, tengeneza faili dogo lenye herufi unazozijua, tumia hdparm --fibmap kupata namba ya sekta, yaani kipande kidogo cha diski, linapoanzia, kisha isome sekta hiyo kwa --read-sector uzione herufi zako. Lifute faili, endesha sync ili mabadiliko yaandikwe kwenye diski, kisha fstrim, inayoitangazia diski nafasi yote iliyo wazi, na uisome tena sekta ileile. Ikirudisha sifuri tupu, amri imefika. Ikirudisha herufi zako, ama diski yako ni ya aina isiyoahidi sifuri, jambo ambalo hdparm -I huweza kulithibitisha, ama kuna aliyeimeza amri, na sasa unajua pa kuanzia kumtafuta.

Yaliyobaki nitayapitia mbiombio. Vikasha vya USB: chipu ya kikasha nayo ni mkalimani, na zipo zisizopitisha chochote; pimeni kabla ya kununua vingi. Diski zilizosimbwa kwa dm-crypt, zana ya usimbaji ya Linux, hazipitishi amri hii mpaka uiruhusu, na zuio hilo ni la makusudi, kwa sababu sekta zilizotangazwa kuwa wazi humfichulia mtazamaji kiasi cha data ulichonacho. Kila mwenye siri na apime mwenyewe. RAID 5 ya Linux nayo huizuia mpaka uihakikishie kwamba diski zote hurudisha sifuri bila kubadilika, la sivyo hesabu za pariti, zile za kurejesha data diski moja ikifa, zitaharibika. Msilazimishe hilo kwa kubahatisha. Kuhusu wakati, endesheni fstrim mara moja kwa wiki, kwa kuwa kutuma amri kila faili linapofutwa huzisumbua baadhi ya diski. Windows tangu toleo la 8 hufanya hivyo kwa ratiba yake, kwa hiyo tafadhali acheni kuizima ratiba hiyo kwa sababu tu imewekwa mahali pamoja na zana ya kupanga upya diski za sumaku.

Nilikuwa nimeahidi pia kulinganisha foleni moja ya amri ya AHCI, njia inayotumiwa na diski za SATA, yenye nafasi 32 na maelfu ya foleni za NVMe, lakini hilo linahitaji mhadhara wake, na muda niliopewa nimeshautumia wote kwenye TRIM. Maswali yenu nitayapokea, isipokuwa lile la diski ipi ni bora kununua.